Mwenye Ufunguo wa Sola

Mimi hasira zangu ziko karibu, mtaa wote wa Manyatta unajua, kwa hivyo nikikuambia nimemkasirikia Griffins usifikiri namchukia. Ningekuwa namchukia ningekuwa nimeshamsahau. Griffins ni jirani yangu, na chai yangu ameinywa tangu Nasambu wangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Lakini mtu unaweza kumpenda na bado ukatamani kumzaba kofi.

Nauza chai na chapati mlangoni mwa ploti yetu. Ni nyumba ya orofa nne, na kila anayeingia au kutoka lazima apite mbele ya jiko langu, basi habari hazinipiti. Griffins nilimjua akiwa kijana wa kutengeneza redio na betri za magari kule sokoni Kibuye. Akamwoa Caren, akapata watoto, nywele zikaanza kumtoka mbele, na bado akabaki yule yule: mpole, mwembamba, bisibisi mfukoni, hajui kumkatalia mtu. Hiyo ya kutojua kukataa ndiyo iliyomponza.

Stima kwetu ilikuwa inapotea inavyotaka yenyewe. Kila nyumba ikajinunulia kipaneli chake cha sola na kukining'iniza dirishani. Wa upande wa barabara walipata jua la asubuhi, wa upande wa nyuma jua waliliona kwa jirani, na sisi wa chini tulipata kivuli na maji ya nguo za watu wa juu. Griffins ndiye aliyesema tuache ujinga. Tupandishe paneli zote juu ya paa, tuziunganishe, tuchange tupate betri kubwa, halafu kila nyumba ivute sawa na mwenzake. Mwenye nyumba alikubali mradi paa lisivuje. Na kweli kitu kikafanya kazi. Ile jioni ya kwanza Manyatta ilipozima na ploti yetu ikabaki inawaka, watu walitoka kwenye varanda kuangalia giza la wengine. Tulijivuna, nisidanganye.

Kumbe kugawana jua si kama kugawana ugali. Ugali unauona sahanini, unajua nani amemega tonge kubwa. Stima haionekani. Valarie wa orofa ya pili, ambaye husuka watu nywele nyumbani, akawasha ile mashine yake ya kukausha vichwa, na betri ikalala. Wesonga wa orofa ya tatu akasema watu wa chini tunapika kwa koili ya stima. Mimi! Na makaa yangu yako nje kila mtu anayaona! Nilimwambia Wesonga maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na yeye ni mtu wa kwetu Bungoma. Watu wa mbele wakawashuku watu wa nyuma, Mluo akamtazama Mluhya, Mluhya akamtazama Mluo, na wote wakakubaliana jambo moja tu: sanduku la betri lifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao Griffins, kwa sababu Griffins peke yake ndiye hapendelei mtu.

Nilisema tuwe na watu wawili wa kushika ule ufunguo, hata watatu, ili mmoja akisafiri mwingine awepo. Nikajitolea mwenyewe, mimi niko pale mlangoni kutwa. Basi ungesikia kicheko. Wakasema ufunguo ukikaa kwa Mama Nasambu, stima yote itaelekea Bungoma. Walikuwa wanatania, lakini utani mwingine una miba. Hata Griffins mwenyewe alitikisa kichwa. Akasema taratibu, kwa sauti yake ya kubembeleza, kwamba yeye hachoki.

Basi kuanzia hapo jina lake likawa la kupigiwa kelele kwenye ngazi. Stima ikikatika, Griffins! Taa ikififia, Griffins! Jumapili amevaa shati la kanisa, Griffins! Na nikuambie kitu ambacho Caren mwenyewe alikijua: alipenda kuitwa. Uso wake uling'aa akisikia jina lake likishuka zile ngazi. Kule Kibuye alikuwa fundi kama mafundi wengine, lakini hapa kwetu bila yeye hakukuchi. Mwanamume akipewa kitu kama hicho kukiacha ni kazi.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinamngoja. Kwao Griffins ni Nyakach, hapo ukishapita Katito. Si mbali. Ukinywa chai yangu asubuhi, inakuwa bado tumboni ukifika. Baba yake, Jaduong' Absalom, yaani Mzee Absalom, alikuwa na umri mkubwa sana, na ndugu zake wote walikuwa wameshatangulia. Kwa Wajaluo nyumba ya mjini hata iwe na vigae si nyumbani, ni mahali pa kulala. Mwanamume ana boma lake, wanaliita dala, na dala halianzishwi kienyeji. Baba humchukua mwanawe mkubwa kwa mkono, na jogoo, na shoka, na moto, akamfikisha mahali na kumwambia: jenga hapa. Na nyumba hiyo ya kwanza huanza na kwisha siku ile ile. Hapo ndipo mtu anakuwa mtu. Griffins alikuwa na kibanda cha ujana tu pale kwa baba yake, na nilisikia hata mlango wake uliliwa na mchwa.

Na haikuwa shida yake peke yake. Ana mdogo wake, Calvince, ambaye hakuhama kijijini. Mdogo hawezi kuanzisha dala kabla ya mkubwa. Calvince alikuwa amefyatua matofali yake, ameyachoma, ameyapanga, na mke wake anamuuliza kila siku wanangoja nini. Alipita hapa siku moja, akanywa chai akiwa amesimama, akaniambia, "Mama Nasambu, mwambie ndugu yangu matofali yangu yameota nyasi." Nilimwambia. Griffins akasema wikendi ijayo.

Wikendi ijayo ikawa wimbo. Kulikuwa na waya uliochomoka. Kulikuwa na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi, wakagandamana kwenye paneli na kuzifunika. Kulikuwa na matanga ya mpangaji wa orofa ya nne, na ploti ikakubali nyumba ya msiba iwake hadi asubuhi, ambalo ni jambo jema, lakini nani wa kulinda betri? Niligombana naye. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, na yule mzee si mlima kwamba utamkuta palepale. Akanijibu kwamba atampigia simu amweleze ni sehemu gani, kisha atatafuta siku. Alipiga kweli. Mzee alimkatia simu. Mahali pa kujenga hapaonyeshwi kwa simu kama bei ya samaki.

Na kulikuwa na sababu. Ndani ya lile shamba kuna mahame, yaani mahali palipokuwa boma la babu wa babu yao, na juu ya mahame hakujengwi. Nyumba zilishaporomoka zamani, miti ikaota, watu wakalima juu. Aliyejua mahame yanaanzia wapi na kuishia wapi alikuwa Jaduong' peke yake. Calvince aliwahi kumwuliza. Akajibiwa kwamba la mkubwa haambiwi mdogo, akamlete mkubwa.

Basi mkubwa hakwenda, na mzee akaja. Ilikuwa mwezi wa pili, jua kali, vumbi la barabara mpya limetanda kila mahali hadi kwenye chapati. Calvince alimteremsha kwenye tuktuk mbele ya jiko langu. Mzee mrefu, kofia kichwani, koti zito kwenye joto lile, fimbo mkononi. Alinisalimia kwa Kiswahili cha zamani, kile cha watu waliofanya kazi ya reli, akasema amekuja kumwona yule mke wa pili wa mwanawe. Nilishtuka. Kisha akanyoosha fimbo juu, kwenye paa, na akacheka hadi akakohoa. Nilimpenda palepale.

Akapanda zile ngazi zote. Kila orofa alipumzika, na kila orofa watu walitoka kumpa mkono. Valarie akamletea kiti, Wesonga akamletea soda. Wote wakamsifia mwanawe, kwamba bila Griffins wangekuwa gizani, na mzee akawa anaitikia, ahaa, ahaa. Mimi nilipanda nyuma yake nimebeba birika. Calvince alipoona baba yake amefika salama akatoka kwenda Kibuye kununua misumari.

Juu ya paa Griffins alimwonyesha baba yake kila kitu: zile paneli, nyaya, lile sanduku na kufuli lake. Alieleza kama mtoto aliyetoka shule na zawadi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye kiti cha Valarie, kilichokuwa kimepandishwa nyuma yetu, akaweka fimbo kati ya magoti, akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami niwe shahidi, "Ni vizuri. Umewasha nyumba ya watu. Sasa kaa nikuambie yako iko wapi."

Griffins akakaa. Nakuapia alikaa, kwenye ndoo iliyofudikizwa, uso kwa uso na baba yake. Mzee akafungua mdomo. Na ndipo sauti ikapanda kutoka chini kwenye ngazi: Griffins! Orofa ya pili imezima!

Nilimwambia wacha wazimike. Nilisema kwa sauti. Mchana ule, jua utosini, mtu anazimikiwa na nini ambacho hakiwezi kungoja? Griffins alimtazama baba yake, akatazama mlango wa ngazi, akasema, "Baba, nakuja. Dakika moja tu." Akashuka. Mzee akafunga mdomo wake polepole.

Tukabaki mimi na yeye. Nikammiminia chai. Akanywa, akaangalia ziwa kule mbali, akanitajia vilima vya upande wa kwao. Dakika moja ikawa si dakika moja. Mzee akaanza kuzungumza tena, lakini sasa kwa Dholuo, lugha ya kwao, na Dholuo changu mimi ni cha sokoni: samaki, bei, asante, ongeza kidogo. Kile cha mzee kilikuwa cha ndani. Nikamwambia, mzee, mimi ni jamwa, si mtu wa lugha hiyo. Akatabasamu, akaendelea. Nafikiri alikuwa amechoka kuyabeba yale maneno, akataka tu yatoke.

Alipoona simfuati akainama kwenye paneli iliyokuwa karibu naye. Vumbi lilikuwa limejaa juu yake kama unga kwenye kibao changu cha chapati. Akachora kwa kidole. Mstari mrefu, akasema barabara. Kisanduku, akajigonga kifua: kwake. Kisha akachora duara kubwa, akalipiga kwa kidole na kutikisa kichwa, hapana, hapana. Hata mimi nilielewa kwamba hayo ndiyo mahame. Halafu kando ya lile duara akakandamiza kidole gumba, akakiacha hapo kidogo, na alipokiinua kioo kilionekana cheusi chini ya vumbi. Akasema, "Griffins." Akafanya tena, upande mwingine, na kusema, "Calvince." Akanitazama kuona kama nimeelewa. Nikamwitikia kwa kichwa. Moyo ulinifurahi, nikajisemea sasa hata Griffins akichelewa, ramani ipo, ataikuta.

Mzee alitaka kujisaidia. Nikamshika mkono, tukashuka hatua kwa hatua hadi kwa Caren, orofa ya nne. Hatukukaa. Mzee haendi mbio, lakini hatukukaa.

Tuliporudi tulimkuta Griffins juu. Amekuja kwa ngazi za nyuma, na ndoo, na kitambaa. Jua lilikuwa linaanza kulegea, na huo ndio wakati wake wa kuosha paneli kila siku, kwa sababu ukiosha kioo kikiwa cha moto kinapasuka, na ukiacha vumbi betri haijai. Alikuwa ameshaanzia mwisho ule tuliokuwa tumekaa. Kioo kilikuwa kinang'aa, maji yanatiririka kwenye mfereji, mekundu. Alikuwa anapiga mbinja.

Nilipiga kelele, lakini ya nini? Nikamwambia, Griffins, baba yako alikuwa amekuchorea dala lako hapo. Akasimama na kitambaa mkononi. Akaangalia kile kioo, akamwangalia baba yake. Nikamwambia mzee amchoree tena, kwenye paneli ile nyingine, upesi, kabla hajaiosha. Nikamsihi kwa Kiswahili, nikamsihi na kwa kile Dholuo changu cha sokoni. Mzee alitikisa kichwa. Sijui kama alikasirika. Mimi ningekasirika. Yeye alionekana amechoka tu, akamshika mwanawe begani na kusema maneno machache ambayo Griffins alinitafsiria baadaye: ukija, nitakuonyesha kwa miguu.

Calvince alirudi na misumari yake na kumpeleka baba yake nyumbani. Nilimwambia Griffins aingie kwenye ile tuktuk, aende naye leo, usiku huu alale huko, kesho asubuhi amalize. Akaapa Jumamosi. Aliapa mbele yangu, na safari hii nilimwamini. Alhamisi Jaduong' Absalom alilala baada ya uji wa asubuhi na hakuamka.

Ploti nzima ilikwenda Nyakach kuzika. Tulikodi basi. Tulipeleka mpaka betri na paneli kadhaa, na boma la mzee likawaka kuliko harusi, watu wa kijiji wakashangaa. Wesonga akasema kwenye maombolezo kwamba hii ni heshima ya ploti kwa baba wa Griffins. Nilitaka kumtupia kitu. Huko kila mtoto wa kiume hupokea wageni wake kwenye nyumba yake, na Griffins alitupokea chini ya turubai, mtu mzima mwenye mvi, anatuomba radhi kwamba hana mahali pa kutuketisha. Tukasema hakuna neno. Neno lilikuwepo.

Miezi ikapita, ukoo ukakubali dala lianzishwe ili Calvince naye apate kujenga. Baba hayupo, baba wadogo hawapo, wakamtafuta mzee wa mbali wa ukoo aongoze. Griffins aliniomba niende. Alisema mimi ndiye mtu wa mwisho aliyeona ule mchoro. Safari hii ufunguo aliuacha kwangu, nami nikamwachia Valarie, na hakuna aliyecheka. Wala stima haikupotea.

Tulisimama kwenye lile shamba asubuhi, umande bado. Caren ameshika moto kwenye kigae, Griffins ana jogoo kwapani, Calvince yuko nyuma. Yule mzee wa ukoo akauliza baba yake alimwonyesha wapi. Griffins akageuka kunitazama mimi. Wazee wote wa Kijaluo wakageuka, wakamtazama mwanamke wa Kibukusu kutoka Bungoma, muuza chapati, awaambie boma la mtu wao liko wapi. Nilifumba macho. Niliuona mstari, niliona kisanduku, niliona duara, niliona hata kucha ya mzee. Lakini ule mstari wa barabara ulikuwa juu ya duara au chini? Tulikuwa tumekaa upande gani wa paneli? Ningesema huku, na huku ikawa ni mahame, na watoto wa Griffins wakaishi juu ya mifupa ya watu. Nikasema sikumbuki. Nililia mbele yao, sikuona aibu.

Wazee wakajitenga, wakazungumza. Kisha wakatembea, wakatembea tena, kila mahali pazuri wakaogopa. Mwisho wakateremka hadi chini kabisa, kwenye mbuga karibu na kijito, mahali ambapo hapawezi kuwa mahame kwa sababu hakuna babu aliyewahi kuwa mjinga wa kujenga pale. Mzee wa ukoo akakita fimbo, akasema hapa angalau tuna hakika.

Shimo la nguzo ya kwanza lilipofika magotini, maji yalianza kuingia. Calvince aliyaona, akageuza uso. Griffins alisimama akiyaangalia, maji mekundu yakipanda taratibu.

"Mama Nasambu," akasema, "hata lile vumbi lisingeharibu kitu. Betri ilikuwa imejaa siku ile."

Kisha akashika nguzo na kuisimamisha humo humo majini, kwa sababu nyumba ilikuwa lazima ikamilike kabla ya jua kuzama.